Meli yaja, mgeni atalala kwa nani?

Mwezi uliopita alinipigia simu mtoto wa ndugu yangu, aliyezaliwa na kukulia Uingereza. Yeye na mkewe wamekata tikiti ya meli ya watalii, na wataipandia Mombasa msimu wa kaskazi. "Ami," akaniambia, "tunataka wiki moja kabla ya meli. Tushuke na barabara kutoka Lamu, na kila usiku tulale nyumba ya zamani. Hatutaki hoteli ya ufuoni. Tupangie wewe."

Nilikubali nikidhani ni kazi ya jioni moja. Imenichukua wiki mbili, na niliyoyaona ndiyo yaliyonifanya niandike leo.

Nianze na mpango wenyewe, huenda ukamfaa msomaji mwenye wageni. Safari ya kwenda kupanda meli hupangwa kuanzia mwisho. Meli haimngojei mtu, kwa hiyo masiku mawili ya mwisho sharti yawe Mombasa. Mji wa Kale uko upande mmoja wa kisiwa na Kilindini upande wa pili. Hata foleni ikiwa mbaya utafika. Lakini ukiamka Malindi siku ya meli, lori moja likikwama njiani umeshaachwa.

Mwanzo ni Lamu, masiku mawili. Gari huishia Mokowe, kisha ni boti. Kutoka Mokowe hadi Malindi kupitia Witu na Garsen ni zaidi ya kilomita 200. Nilimwambia aondoke asubuhi, asisafiri usiku, na aulize hali ya usalama siku moja kabla. Vilevile aulize habari za mvua, kwa sababu mto Tana ukifurika njia hukatika. Malindi alale usiku mmoja, apite Gede, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2024, kisha magofu ya Mnarani pale Kilifi, na Jumba la Mtwana kabla ya kuvuka daraja la Mtwapa. Na kama meli itatia nanga Zanzibar, awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Hayo yalikuwa mepesi. Uzito ulikuja kwenye malazi.

Nilikusanya nyumba 11 za mawe zinazolaza wageni kati ya Lamu na Mombasa, nikazipigia simu moja moja. Waliopokea ni vijana wetu: msimamizi, mpishi, mlinzi. Nilipouliza mwenye nyumba ni nani, 9 ni za watu walioko ng'ambo au Nairobi. Za wenyeji zilikuwa 2 tu.

Na katika hizo 9, moja ni nyumba ya bibi yetu mzaa baba, pale Lamu. Niliijua kwenye picha kabla sijasoma jina lake jipya. Zidaka za ndani ni zilezile, na daka nililokuwa nikikaa na babu baada ya alasiri ni lilelile.

Nyumba ile haikuibwa na mtu. Tuliiuza mwaka 2004. Warithi walikuwa wengi, paa linavuja, boriti zimeliwa na mchwa, na kila mmoja ana shida zake. Fungu la marehemu baba liliponifikia, nilimalizia karo ya diploma, kilichobaki nikanunua pikipiki. Pikipiki yenyewe haipo tena. Mnunuzi alibadilisha boriti, akapaka chokaa, na leo usiku mmoja ndani ya nyumba ile ni pesa ambazo kijana anayeifagia hazipati kwa wiki. Simlaumu mnunuzi. Bila yeye huenda ingekuwa gofu.

Nilipomtumia mtoto wa ndugu yangu picha, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hivyo, Ami, tutalipa ili tulale kwetu?"

Sikuwa na jibu. Lakini nimelifikiria swali lake, na naona linatuhusu sote.

Zamani mgeni aliletwa na upepo. Jahazi lilikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na halikuweza kurudi mpaka kusi ivume. Mgeni alikaa miezi. Alikula kwetu, alikodi kwetu, wengine waliozwa kwetu. Faida ya bandari ilikuwa haiishii bandarini, iliingia mitaani.

Meli ya leo huja msimu uleule wa kaskazi, lakini huja na kitanda chake, jiko lake na duka lake. Abiria wake wengi hushuka asubuhi, hupandishwa mabasi kwenda Fort Jesus au mbugani, na jioni wamesharudi. Mjini huacha bei ya kanga na dafu. Sisi hupiga ngoma gatini, na viongozi hutuhesabia meli na abiria. Hesabu ya kweli ni ya masiku: wangapi walilala mjini kabla au baada ya meli, na walilala kwa nani. Mgeni anayelala ndiye anayeacha kitu, na kitu hicho humfikia mwenye nyumba kwanza. Tukishauza nyumba, tunabaki na mshahara wa kubeba mizigo.

Watu husema mirathi ndiyo inayotuuzia majumba. Si kweli. Sheria ya mirathi hugawa mafungu, haikulazimishi uuze. Warithi waweza kuandikiana mafungu yao mbele ya kadhi, nyumba wakaikodisha kwa miaka maalumu, na kodi ikagawanywa kwa mafungu yaleyale. Mrithi mwenye uwezo aweza kununua mafungu ya wenzake pole pole. Na mwenye nyumba aliye hai aweza kuiweka wakfu. Tume ya Wakfu ipo kwa kazi hiyo. Asingoje wasia, kwani wasia hauvuki theluthi.

Na serikali nayo ina deni. Inatutaka, na ni haki yake, tusibomoe, tutengeneze kwa chokaa na boriti ili urithi wa dunia usiharibike. Lamu imo kwenye orodha hiyo tangu 2001. Lakini gharama ya urithi wa dunia nzima anaibeba mjane mmoja mwenye paa linalovuja. Kaunti ipunguze ada kwa mwenyeji anayekarabati nyumba yake ya zamani, na benki zetu za Kiislamu zibuni mkopo usio na riba kwa kazi hiyo. Mapato ya watalii yanayosifiwa kila msimu yaanzie hapo.

Mtoto wa ndugu yangu hatalala kwenye nyumba ya bibi. Nimempeleka kwa mama mmoja wa Lamu, katika zile nyumba 2 za wenyeji. Ana vyumba viwili vya wageni juu, yeye anakaa chini. Nilimuuliza waliwezaje, maana warithi wako 7. Akanijibu kwamba waliandikiana kwa kadhi kabla ya arubaini ya mama yao, wakati machozi hayajakauka na hakuna mnunuzi aliyebisha hodi. Kila Shaabani hukaa kitako, hutoa pesa za kutengeneza paa kwanza, kisha hugawana zilizobaki.

Sisi tulikaa kitako mara moja tu, siku ya kuuza.