Wagonjwa 14 wa kuhara wiki hii: ni mlipuko au ni kawaida?

Mvua zikikolea huku Bunju, ujumbe wa wasikilizaji hubadilika. Wengi huuliza jambo moja: zahanati imejaa watu wa kuhara, mbona hatutangaziwi? Wana haki ya kuuliza. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, Kinondoni ikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukumbwa. Kilisambaa mikoa mingi ya Bara na hadi Zanzibar, na kufikia Aprili 2016 wagonjwa walishapita 20,000.

Lakini namba ikipanda, tutajuaje kama imepanda kweli? Tuchukue mfano wa zahanati inayopokea wastani wa wagonjwa 9 wa kuhara kwa wiki. Wiki hii wamefika 14. Mwaka 1924 Mmarekani Walter Shewhart, aliyekuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu kiwandani, alibuni chati ya maswali ya aina hii: mstari wa wastani katikati, na mipaka juu na chini yake. Kwa vitu vinavyohesabiwa kimoja kimoja, unachukua kipeuo cha pili cha wastani, unazidisha kwa 3, kisha unajumlisha na wastani wenyewe. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, mara 3 ni 9, ukijumlisha na 9 unapata 18. Kwa hiyo 14 ni kupanda na kushuka kwa kawaida. Wakija 21, hapo pana jambo la kufuatilia siku hiyo hiyo.

Hesabu hii inafaa pale tu idadi ya watu wanaohudumiwa inapokuwa haibadilikibadiliki. Hapo ndipo wengi huteleza, sisi wanahabari tukiwa mbele. Tazama Kinondoni yetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,775,049. Mwaka 2016 Ubungo ikamegwa, ikaondoka na Manzese, Kimara na kwingineko. Sensa ya 2022 ikakuta Kinondoni ina watu 982,328. Sasa tuseme wilaya ilipata wagonjwa 100 mwaka 2012, ikapata 100 tena mwaka 2022. Kichwa cha habari kitasema hali ni ile ile. Ukigawa kwa watu, mwaka wa kwanza ni kama wagonjwa 5.6 kwa kila watu 100,000, na wa pili ni 10.2. Hatari imekaribia kuwa maradufu! Chati inayofaa hapa ni ya kiwango kwa idadi ya watu, na mipaka yake hupanuka au kubana kulingana na wingi wao.

Malaria ina hesabu yake pia. Pale unajua waliopimwa ni wangapi na waliokutwa nayo ni wangapi, basi chora sehemu ya waliokutwa nayo kati ya waliopimwa. Vinginevyo, vipimo vikiletwa vingi mwezi huu, malaria itaonekana imepanda kumbe upimaji ndio uliopanda.

Kuna tahadhari moja tusiyotaka kuipitia haraka. Maradhi ya kuambukiza huja kwa makundi: nyumba tano zikinywa kisima kimoja, wanaugua pamoja. Namba hizo huyumba kuliko kanuni ya kipeuo inavyotarajia, kwa hiyo mipaka yake huwa myembamba mno na chati hupiga kelele bure. Ni afadhali mganga achore mipaka kwa kutazama jinsi wiki za zahanati yake zilivyopishana miaka iliyopita, masika kwa masika.

Na kipindupindu chenyewe hakingoji mstari. Mgonjwa mmoja aliyethibitishwa maabara, aliyeambukizwa hapa hapa, tayari ni mlipuko. Kwa ugonjwa adimu kama huo, hesabu yenye maana ni ya siku zilizopita tangu mgonjwa wa mwisho. Basi ukikutana na mwenyekiti wa mtaa au mhudumu wa afya, muulize wagonjwa ni wangapi, kati ya watu wangapi, na wiki kama hii mwaka jana walikuwa wangapi.