Usiuze kompyuta mbovu kwa kilo kabla hujaikagua



Leo naweka kando mahindi na viazi nizungumzie kifaa kilichomo kwenye stoo nyingi hapa Ilomba na katika vijiji vinavyoleta mazao huku: kompyuta ya mezani iliyokufa. Ilikuwa ya duka la pembejeo, ya AMCOS, ya kikundi cha kukopeshana au ya kijana wa steshenari. Siku moja ikagoma kuwaka, ikafunikwa kiroba. Baadaye anapita mnunuzi wa chuma chakavu, boksi linawekwa kwenye mizani, linaondoka.

Mimi nasema biashara hiyo inatutia hasara mara mbili. Nyingi ya mashine hizo hazijafa. Na hata iliyokufa kweli inaondoka na majina, namba za simu na madeni ya watu.

Kagua kwanza

Chomoa waya wa umeme kabla ya kufungua chochote. Gusa chuma cha boksi kwa mkono mtupu ili umeme tuli ulio mwilini usiunguze vipande vya ndani. Kisha fuata dalili:

- Haionyeshi uhai kabisa: jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Angalia swichi ya nyuma. Baadhi ya mashine za zamani zina kitufe chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Kwetu ni 230. Ukikiweka 115, unaunguza pawa saplai.
- Feni inazunguka, kioo ni cheusi, inapiga mlio: mara nyingi ni RAM. Ichomoe, safisha meno yake ya shaba kwa raba ya penseli, irudishe hadi vishikizo vilie "ta".
- Inawaka kisha inazima baada ya dakika chache: ni joto. Vumbi letu la kiangazi huziba feni. Safisha kwa brashi kavu ya rangi, feni ukiwa umeishika isizunguke.
- Tarehe inarudi miaka ya nyuma: betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Hata intaneti hukataa kufungua kurasa nyingi tarehe ikiwa si sahihi.
- Inalia "tak, tak, tak" ndani: hadi diski inakufa. Zima. Usiendelee kuiwasha ukijaribu bahati.

Ikipona, usiitarajie makubwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali toleo jipya. Lakini kwa kuandika hesabu za duka bila intaneti, bado inafaa. Ikidai ubao mama mpya, hapo naungana na wanaosema pesa hiyo inunue mbolea. Ila usiiuze bado.

Ng'oa kinachofaa

RAM, hadi diski, feni na nyaya vina wateja kwa mafundi. RAM ya DDR2 haiingii mahali pa DDR3, kwa hiyo peleka kipande chenyewe, usielekeze kwa mdomo. Waya wa umeme wa kompyuta huingia pia kwenye monita na printa nyingi. Feni ya boksi hutumia volti 12: ukiiunga kwenye betri ya sola, inasaidia kupitisha hewa kwenye banda la vifaranga au kwenye kikaushio cha mboga. Usiiunge moja kwa moja kwenye paneli, kwa sababu volti za paneli hupanda juu ya 12.

Hadi diski haiuzwi na boksi

Hapa ndipo penye uzito. Mashine ya AMCOS ina orodha ya wanachama, kilo walizoleta na malipo yao. Ya duka ina nani anadaiwa nini. Watu wengi hufuta mafaili wakaamini yamekwisha. Fundi mwenye programu ya kurejesha huyapata. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na anayetunza taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Hata kama sheria isingekuwepo, mama aliyekopa mbegu kwako hakukupa namba yake ya kitambulisho uiuze na chuma.

Ng'oa diski. Fundi anaweza kuisomea kwenye kompyuta nyingine kwa kifaa cha USB. Hakikisha kifaa hicho kina umeme wake, maana diski kubwa ya mezani haitoshelezwi na umeme wa USB peke yake. Hamisha kumbukumbu. Ikiwa haifai tena, vaa miwani ya kazi uitoboe kwa drili matundu kadhaa hadi ndani.

Usiyaguse haya

Usifungue pawa saplai: hutunza umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Usivunje monita ya kichogo. Kioo chake kina risasi, madini yenye sumu. Na vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba, tuwazuie kwa upole lakini tuwazuie. Moshi ule ni sumu kwa anayeuvuta, na majivu yakisombwa na mvua yanaingia kwenye bustani ya mchicha tunaokula wote. Nchi ina Kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki tangu 2021; mabaki yakusanye mahali pakavu, uulize ofisi ya mazingira ya halmashauri yaende wapi.

Kwa viongozi wa AMCOS na vikundi, nashauri jambo moja liingie kwenye muhtasari wa kikao kijacho: hakuna kompyuta itakayotoka ofisini kabla ya diski kung'olewa na kukabidhiwa kwa mweka hazina, kwa sahihi. Kazi hiyo ni ya bisibisi moja na muda mfupi. Pesa ya kilo itapatikana hata wiki ijayo. Daftari la madeni likishaondoka na mnunuzi wa chuma chakavu, halirudi.

Kazi njema.