Kujuana au kujulikana? Tunavyotafuta kazi Sumbawanga

Nimeadimika hapa kibarazani kwa muda, na wapo walioniuliza kulikoni. Jibu ni fupi: nilikuwa natafuta kazi. Ndiyo, mimi huyu ninayewaandikia habari za watu wengine nilijikuta sina pa kuandikia. Mkataba uliisha, haukuongezwa, na mishahara ya miezi miwili ya mwisho mpaka leo sijaiona. Chombo chenyewe sikitaji, maana leo sikuja kulia. Nimekuja na hoja.

Nilirudi nyumbani Sumbawanga. Mama alinipokea bila maswali, akauza magunia mawili ya mahindi ili nipate hela ya vocha, ya kudurufu vyeti na ya nauli, ikitokea nimeitwa mahali. Kila siku nikawa nashuka mjini, nakaa kwenye kompyuta, natuma maombi. Ndani ya mwezi mmoja nilituma zaidi ya arobaini. Barua ilikuwa ile ile na CV ile ile. Nilikuwa nabadilisha jina la mwajiri tu, na siku moja hata hilo nikasahau. Benki moja ikapelekewa barua inayosema nina hamu kubwa ya kufanya kazi katika shirika la maji!

Hakuna simu iliyoita. Mimi nikajiambia ndivyo nchi ilivyo, bila kujuana hupati kitu.

Jioni moja baba mdogo akaniuliza, "Mwanangu, hizo barua arobaini zote, huko zinakokwenda kuna hata mtu mmoja anayekujua?" Nikakasirika. Nikamjibu kwamba mimi sina mjomba wizarani. Akacheka, akasema, "Sijakuuliza ndugu yako ni nani. Nimekuuliza nani anajua unachoweza kufanya."

Swali hilo halikunipa usingizi.

Tuanze na ukweli mchungu. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, zaidi ya vijana 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili. Kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 140. Mwaka 2025 ikawa zamu ya TRA: waombaji 135,027 kwa nafasi 1,596, yaani karibu watu 85 kwa kila nafasi. Kwa hiyo wakubwa wanaotuambia kwamba vijana tunachagua kazi wanatuonea. Huwezi kuchagua kitu ambacho wenzako 84 wamekishika pia.

Lakini na sisi tuna uongo wetu. Tunajiambia kwamba bila mtu mkubwa huwezi kupata kazi, halafu tunakaa. Mimi naona tumechanganya mambo mawili. Kujuana ni kupewa usichostahili kwa sababu ya ukoo, dini au bahasha. Hilo ni rushwa na tulipige vita. Kujulikana ni watu kufahamu kwamba fulani anaweza kazi hii, na siku kazi hiyo inapotokea jina lako linatajwa. Hapo hujamwibia mtu.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwachunguza wanaume wasomi wa mji wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadilisha kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, ni kama 17 tu katika kila 100 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote walisaidiwa na watu wa mbali kidogo: mliyesoma naye zamani, mliyewahi kufanya naye kazi, mnayekutana mara moja moja. Matokeo yalitoka mwaka 1973, na ukifikiri utaona yana mantiki. Rafiki yako wa kila siku anajua nafasi zile zile unazozijua wewe. Yule wa mbali ndiye anayejua usiyoyasikia.

Basi nikachukua daftari. Nikaandika majina ishirini ya watu waliowahi kuniona nikifanya kazi. Mjomba wa kubuni hakuwemo. Alikuwemo mwalimu wangu wa chuo, bwana shamba niliyemhoji Laela, mwenye duka la pembejeo wa Namanyere, mama mmoja wa kikundi cha alizeti kule Matai. Niliwapigia mmoja mmoja, na wa karibu nikawafuata kwa miguu. Sikusema "nisaidie kazi", maana ukimwambia mtu hivyo unampa mzigo. Niliuliza hivi: "Mimi naandika ripoti, napiga picha, natengeneza vipindi vya redio. Ni nani huko kwenu ana shida ya mtu wa namna hiyo?"

Kumi na wawili walinijibu vizuri tu, bila chochote mkononi. Watano hawakupokea. Wawili walinielekeza kwa watu wengine. Yule bwana shamba alinipeleka kwa chama cha wakulima kilichokuwa na ripoti ya mradi iliyochelewa na hakuna wa kuiandika. Nimepata mkataba wa miezi mitatu. Si ajira ya kudumu na sijivuni nayo, ila nafasi hiyo haikutangazwa gazetini wala mtandaoni, na barua zangu arobaini zisingeifikia kamwe.

Ndugu zangu wa Rukwa, tulitafakari hili. Tangu barabara ya Tunduma hadi hapa iwekwe lami kwa fedha za MCC ya Marekani, mkataba uliosainiwa mwaka 2008, mji huu umebadilika. Yako maghala ya nafaka, mashine za kusaga na kukamua alizeti, maduka ya pembejeo, magari ya mizigo. Wenye biashara hizo wanahitaji watunza hesabu, mafundi, watu wa kompyuta. Wengi hawatangazi, wanaulizana tu. Sisi tuko kwenye simu tunasubiri tangazo la Dodoma.

Sisemi tuache kuomba serikalini. Ukiomba, omba kwa akili. Fungua akaunti yako Ajira Portal mapema, usisubiri tangazo. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya chuo vilivyothibitishwa na wakili, vyote viwe tayari. Matokeo ya muda hayapokelewi, usijidanganye. Soma sifa zinazotakiwa mstari kwa mstari, na kama huna, usipoteze siku. Tena usisubiri saa za mwisho, mtandao wetu mnaujua wenyewe.

Na usilipe! Rafiki yangu mmoja alitumiwa barua ya kuitwa kazini yenye nembo na muhuri, akaambiwa atume 70,000 ya "kufungua faili". Alituma. Namba ikazimwa. Sekretarieti ya Ajira haitozi mtu hela ya kuomba wala ya kuitwa. Anayekudai kwa simu ni mwizi, hata akijua jina lako la ubatizo.

Nimalizie na babu. Enzi za wakoloni, vijana wa Ufipa walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga. Kazi ilikuwa inawafuata kijijini: mwandikishaji anakuja, anakuandika, unapewa namba. Ndiyo maana waliitwa manamba. Babu yetu alikuwa mmoja wao, na baba mdogo anasema mzee alichukia neno hilo mpaka anakufa. Kule shambani, alisema, hakuna aliyejua kwamba yeye ni fundi mzuri wa kuchonga mipini. Alikuwa namba tu.

Sasa mimi mjukuu wake mwenye shahada nilituma barua arobaini zinazofanana, kwa watu wasionijua, na kila moja ikapewa namba. Nilijiandikisha umanamba kwa hiari yangu.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kazi usihesabu barua ulizotuma. Hesabu watu wanaojua unachoweza. Kama hawafiki kumi, anzia hapo wiki hii, na kama huna cha kuwaonyesha, fanya kazi moja ndogo vizuri mtu aione. Na wewe uliyekwisha kupata, ukisikia mahali pana shida ya mtu, mtaje yule unayejua anaweza, hata kama si wa kwenu.

Mama ameniuliza kama magunia yake yamerudi. Nimemwambia moja limerudi, la pili bado. Kesho alfajiri napanda gari la Laela kumalizia ripoti.

Siku njema, na baridi ya huku msiichukulie mzaha.