Kila Mwezi Unaambiwa ni Taifodi? Hili Ndilo Swali Daktari Hakukuuliza

Cheki hii stori. Msee anaamka kichwa kinagonga, mgongo unauma, usingizi hakuna, chakula hakishuki. Anaenda hosi ya mtaa, anatolewa damu, anaambiwa ni taifodi. Anapewa dawa, analipa, anarudi keja. Mwezi ukiisha yuko kwa foleni tena na shida ni ile ile. Siku vipimo vikikosa kitu, anaambiwa, "Ni stresi tu, enda upumzike."

Kama si wewe, ni mathe wako ama beshte yako. Tukibonga afya ya akili Kenya, tunataja Mathari na uhaba wa madaktari wa akili. Ni kweli, hawatoshi. Lakini wagonjwa wengi hawafiki huko. Wanapotelea kwa kile chumba cha kwanza, mbele ya daktari wa kawaida.

Namba ziko. Utafiti wa Profesa David Ndetei na wenzake, uliochapishwa 2009, uliangalia wagonjwa 2,770 katika vituo 10 vya afya nchini. Kama 42 kwa kila 100 walikuwa na dalili za depresheni, nyepesi ama kali. Wale ambao faili zao zilikuwa zimeandikwa ugonjwa wowote wa akili? Kama 4 kwa kila 100. Hata ukitoa wenye dalili nyepesi, hilo pengo bado ni noma.

Mbona inatokea? Kwanza, Mkenya haingii hosi akisema "nina huzuni". Anasema mwili umechoka, moyo unadunda, "nawaza sana". Pili, kile kipimo cha Widal cha taifodi kinaweza kusoma ndiyo kwa sababu uliwahi kuugua ama kuchanjwa kitambo, si ati unaugua sai. Tatu, foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache tu. Karatasi ya maabara inammalizia kazi haraka kuliko stori ya ndoa, deni ama msiba.

Lakini ngoja, upande wa pili pia una ngori yake. Daktari akikimbilia kusema "hii ni akili tu" anaweza kukuumiza. Tezi ya shingoni, ile wanaita thairoidi, ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka na usingizi unapotea. Ukiangalia haraka utasema ni wasiwasi. Upungufu wa damu nao unachosha mtu mpaka anafanana na mwenye depresheni. Na kuna wale ambao depresheni yao ni upande mmoja wa bipola. Huyo ukimpa dawa ya depresheni peke yake, anaweza kupanda juu ghafla: halali, anaongea bila breki, anamaliza doh yote ya familia.

Kwa hivyo, daktari kutojua siku ya kwanza si aibu. Aibu ni kujifanya anajua. Daktari mzuri anapima vile vichache vinavyofaa, anakuambia wazi kwamba picha bado haijakaa sawa, anauliza kama kuna wakati umewahi "kupanda" hivyo, kisha anakupa siku ya kurudi, tuseme baada ya wiki mbili. Hiyo siku ya kurudi ndiyo muhimu, juu magonjwa mengi ya akili yanajionyesha polepole.

Na kuna swali moja lisilongoja: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo. Sivyo. Kuuliza kunampa nafasi ya kusema. Shida ni kwamba Kenya kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Nani angejibu ukweli? Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Sasa kisingizio kimeisha, hospitali zianze kuuliza.

Serikali nayo ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mnamo 2023, wakapewa mikoba yenye mashine za presha na sukari. Poa sana. Lakini maswali mawili hayahitaji mashine: kwa wiki mbili zilizopita, umekosa raha ya vitu unavyopenda? Umejiskia chini ama bila matumaini? Yanaulizwa duniani kote kama hatua ya kwanza. Hayatoi jina la ugonjwa, yanafungua mlango tu. Kama presha inapimwa kwa kila mgonjwa, mbona hayo yasiulizwe?

Wakati tunangoja, msaidie daktari wako. Ukiingia, usitaje kichwa tu. Sema pia hulali, sema lini ilianza, sema nini kilitokea nyumbani, sema unakunywa pombe kiasi gani. Ukiambiwa taifodi mara ya tatu, uliza, "Daktari, inaweza kuwa kitu kingine?" Si madharau, ni haki yako.

Na kama mawazo ya kujiua yako hapo sai, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Ambia mtu aliye karibu akupeleke hosi, ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.