Usukani haukazwi kwa bisibisi pekee
Gari la zamani likianza kuyumba barabarani, mafundi wengi hukaza skrubu ya marekebisho kwenye stelingi boksi. Usukani unaacha kucheza, mteja analipa. Naipinga kazi hiyo.

Ninaendesha Land Rover Series III, toleo lililoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ndani ya boksi lake gololi huzunguka kati ya shafti yenye nyuzi na nati yake. Kwa kuwa gari huenda moja kwa moja kuliko linavyokata kona, chuma hulika zaidi katikati. Ukikaza mpaka katikati pashike, pembeni panabana, na usukani haurudi vizuri baada ya kona. Kwenye mteremko mkali kama wa Kitonga, hilo linaweza kuua.

Wengine hushindilia grisi kwa sababu sili inavuja. Grisi husukumwa kando ikabaki huko, gololi zikasagana kavu. Boksi hili linataka gia oili, na sili mpya.

Usukani ukicheza, kagua kwanza bolijointi zake. Zikiwa nzima, boksi lifunguliwe mezani. Shafti ikiwa na vidonda, ibadilishwe pamoja na gololi, maana shafti iliyochimbika hula gololi mpya upesi. Boksi la mtumba ambalo halijafunguliwa likakaguliwa silikubali kamwe, na wenye magari wenzangu nawaomba mlikatae.