Wake Wanne wa Plymouth

Mama mpenzi, bila shaka umepata kusikia habari za Waingereza waliofika Marekani kwa meli ya Mayflower mwezi wa Novemba 1620. Walikuwa abiria 102, na kijiji chao kiliitwa Plymouth. Habari zao husimuliwa zaidi kwa upande wa wanaume. Leo tuwatazame akina mama.

Wake waliosafiri walikuwa 18. Elizabeth Hopkins alijifungua safarini katikati ya bahari. Susanna White alijifungua meli ikiwa imetia nanga. Wanaume waliposhuka kujenga nyumba, wake wengi na watoto walibaki melini wakati wote wa baridi kali, wamesongamana penye unyevu na hewa nzito. Sisi wauguzi tunajua mahali kama hapo panazaa nini. Kiseyeye na maradhi mengine yaliwaangusha. Januari na Februari 1621 kuna siku walikufa watu wawili au watatu. Ilipofika wakati wa mavuno, wake waliobaki hai walikuwa wanne.

Nani aliwauguza? William Bradford, aliyekuja kuwa gavana wao, aliandika kwamba wenye nguvu walibaki sita au saba tu. Hao walitafuta kuni, wakapika, wakatandika vitanda na kufua nguo chafu za wagonjwa. Mmojawapo alikuwa Myles Standish, mkuu wa askari! Baba anayesema beseni la mgonjwa ni kazi ya wanawake, msomee habari hii.

Mahali walipojenga palikuwa kijiji cha Wawampanoag, Patuxet, ambacho watu wake waliangamizwa na maradhi kati ya 1616 na 1619. Mwenyeji mmoja, Tisquantum, alikuwa ametekwa mwaka 1614 na kuuzwa Hispania. Aliporudi hakumkuta ndugu hata mmoja. Ni yeye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi na kufukia samaki shambani kama mbolea. Nikifikiri alivyopita kwenye mashamba ya mama zake akiwaelekeza watu wengine, moyo unaniuma.

Mahindi yakastawi. Kwenye sherehe ya mavuno alikuja chifu Massasoit na watu wake 90, wakakaa siku tatu. Wenyeji wote walikuwa kama 50, na wa kupika ni wake wale wanne, pamoja na wasichana na watumishi. Angalau wageni hawakukaa mikono mitupu: walikwenda kuwinda, wakaleta paa watano.