Muguka si Dawa ya Unene

Kuna neno limeenea mno hapa kwetu Pwani, nalo ni kwamba mla muguka hanenepi. Nimelisikia barazani kwa vijana, na siku hizi nalisikia hata kwa dada zetu wanaotaka kupunguza mwili. Mimi nasema neno hilo ni nusu ya kweli, na lina madhara yake.

Sote twajua majani haya yatokako. Miraa hutoka Igembe, kwenye vilima vya Nyambene huko Meru, na muguka hutoka Mbeere, upande wa Embu. Mkulima wa huko simlaumu, kwani hiyo ndiyo karo ya wanawe. Lakini yafaa tujue tunachotafuna. Mwaka 1975 wataalamu waligundua ndani ya majani hayo dawa iitwayo kathinoni, ambayo ni jamaa ya amfetamini. Huushtua mwili kana kwamba kuna hatari: moyo huenda mbio, usingizi hukimbia, na njaa husahaulika.

Husahaulika kwa muda tu. Mwili una wajumbe wake waitwao homoni. Leptini hutoka kwenye mafuta ya mwili ikauarifu ubongo kuwa akiba ipo, na ghrelini hutoka tumboni ikaamsha njaa. Mtu akikesha, wajumbe hawa huweza kuvurugika. Mwaka 2004 wachunguzi wa Chicago walieleza kuwa vijana 12 wenye afya, walipolazwa muda wa saa 4 tu kwa usiku mbili, leptini yao ilikuwa chini kwa asilimia 18 na ghrelini juu kwa asilimia 28 kuliko walipolazwa saa 10. Nao wakatamani zaidi vyakula vitamu na vya wanga.

Sasa mtazame mtu wetu mwezi wa Ramadhani. Hufuturu, huswali tarawehe, kisha huketi na mfuko wake wa muguka mpaka daku, na kando ana soda au chai ya sukari nyingi ya kuondoa uchungu. Wali hakuula, ni kweli, lakini sukari ameinywa na usingizi ameukosa. Siku atakapoacha kutafuna, njaa itamrudia, na uzito nao huenda ukamrudia.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tusimcheke mnene kwa kumwita mlafi, wala tusimsukume kwenye muguka. Mwaka 1986 uchunguzi uliofanywa Denmark juu ya watu waliolelewa na wasiowazaa ulionyesha kuwa unene wao ulifuata ule wa wazazi wa damu, si wa walezi. Mwili una urithi wake, tena ni amana. Anayetaka kupungua na alale usiku, apunguze sukari, atembee, na aende hospitali akapimwe sukari ya damu na tezi ya shingo kabla ya kusikiliza maneno ya barazani.